Barabara za Bonde la Oisans

Usiku wa tarehe 14 Septemba 1219 ziwa zima lilitoroka mahali pake. Miaka 28 hivi kabla ya usiku huo, miamba iliporomoka kwenye korongo jembamba la mto Romanche, kusini-mashariki mwa Ufaransa, ikauziba mto kama kizibo cha chupa. Maji yalirudi nyuma bondeni, yakapanda, yakameza mashamba na malisho, hata mji uliokuwa kando yake ukapata jina la Saint-Laurent-du-Lac, Mtakatifu Laurent wa Ziwani. Walizaliwa watoto ambao hawakuwahi kuliona bonde lao likiwa kavu. Kisha tuta likapasuka. Maji yaliteremka makumi ya kilomita kwa kishindo hadi Grenoble, yakang'oa daraja, yakaingia majumbani, na wengi wakafa maji.

Ziwa lilipokwisha lilibakiza tope lililotandazwa sawasawa, na tope hilo ndilo tambarare ya leo ya Le Bourg-d'Oisans. Mtu anayefika hapo na baiskeli yake hushangaa. Katikati ya milima inayozidi mita 3,000 amekuta ardhi bapa kama jamvi, mita 720 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuta za miamba zimesimama pande zote. Kwa dakika chache anakanyaga pedali bila kuhema. Baada ya hapo kila njia atakayoishika, isipokuwa ile inayofuata mto kurudi Grenoble, ni ya kupanda.

Nimeanzia kwenye gharika hiyo kwa makusudi. Wengi wanaosimulia habari za Oisans huanza na jezi ya njano ya Tour de France, na majina ya mabingwa. Majina hayo nayapenda, na zamu yake itafika. Lakini kila bingwa aliyetoa jasho katika bonde hili alilitoa juu ya barabara ambayo hakuna aliyeichonga kwa ajili ya baiskeli. Kabla ya hapo ilikuwa ya askari, ya fedha, ya kondoo, ya umeme, ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Baiskeli ilikuja mwisho kabisa, ikakuta njia ziko tayari, ikazitangaza dunia nzima.

Njia ya kwanza tunayoweza kuigusa kwa mkono ni ya Warumi. Walikuwa na barabara kutoka Grenoble, ambayo wakati ule iliitwa Cularo, kuelekea Briançon na hatimaye Italia. Karibu na Mont-de-Lans, mahali paitwapo Bons, walitoboa mwamba wakaacha lango ambalo bado lipo. Lango lenyewe si kubwa, lakini linaeleza vizuri tabia ya nchi hii. Korongo chini lilikuwa halipitiki kwa mafuriko na mawe yanayoanguka, basi msafiri alilazimika kupanda juu ili aweze kwenda mbele.

Baada yao walikuja wachimba madini. Juu ya ukingo unaoitwa leo Alpe d'Huez, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, kulikuwa na kijiji cha Brandes kilichochimba madini ya fedha katika karne za 12 na 13. Wanaakiolojia wamefukua misingi ya nyumba, kanisa na makaburi ya watu walioishi juu huko kiangazi na kipupwe, wakivunja miamba na kuosha mchanga wa madini. Brandes ilikufa katika karne ya 14. Ukingo ukarudi kuwa malisho, na wenyeji wakarudi kwenye ufukara wao wa mlimani.

Ufukara huo uliwafundisha kutembea. Katika karne ya 19 wanaume wa vijiji kama Venosc na Mont-de-Lans walikuwa wachuuzi wa masafa marefu. Mavuno yakishaingia ghalani, walifunga mizigo mgongoni, mbegu na vitunguu vya maua na vijitabu vyenye picha za maua hayo, wakashuka bondeni. Wengine walifika Urusi, wengine Amerika, wakirudi nyumbani majira ya kazi za shamba. Nikiwafikiria wachuuzi hao naona kwamba bonde la Oisans lilijulikana kwa miguu ya watu wake kabla halijajulikana kwa magurudumu ya wageni.

Barabara kuu tuijuayo leo, inayofuata mto Romanche kupita La Grave hadi kipito cha Lautaret chenye mita 2,058, ilianza kujengwa enzi za Napoleon Bonaparte, aliyetaka jeshi lake lifike Italia bila kuzunguka. Kazi iliendelea miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kuondoka duniani. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19 njia nyingine ilichongwa kutoka karibu na Lautaret kuelekea kaskazini, ikapanda hadi kwenye mlima Galibier, na kilele kikatobolewa handaki kwenye mita 2,556 ili magari ya farasi yavuke kwenda bonde la Maurienne bila kupanda hadi juu kabisa.

Njia hiyo ya handaki ndiyo iliyoleta Tour de France.

Henri Desgrange alikuwa mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto. Mwaka 1903 alianzisha mbio za kuizunguka Ufaransa ili gazeti lake liuzwe zaidi, na likauzwa. Tatizo la mbio zinazouza magazeti ni kwamba kila mwaka zinadai jambo jipya la kusimulia. Mwaka 1910 waandaaji waliwapeleka washindani kwenye milima ya Pyrenees, na mwaka uliofuata wakageukia Alps. Tarehe 10 Julai 1911 waendesha baiskeli waliondoka Chamonix kwenda Grenoble, kilomita 366 kwa siku moja, na katikati ya safari hiyo uliwekwa Galibier.

Yafaa kuutazama umbali huo pamoja na vyombo walivyokuwa navyo. Baiskeli za wakati ule zilikuwa za chuma kizito. Gia za kubadilisha ukiwa mwendoni hazikuruhusiwa katika Tour hadi mwaka 1937. Mtu aliyefika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wa pili wenye meno mengine, akalifunga tena, akaendelea. Barabara ilikuwa ya changarawe na matope, theluji imesimama kama ukuta kando yake hata mwezi Julai. Akipata pancha aliziba mwenyewe. Wengi siku hiyo walishuka wakasukuma baiskeli zao kwa miguu, wakimtukana Desgrange na mlima wake. Watatu tu walifika juu bila kukanyaga ardhi: Émile Georget, Paul Duboc na Gustave Garrigou. Georget ndiye aliyetangulia. Alipita katika handaki, akashuka Lautaret, akapita La Grave chini ya barafu za mlima La Meije, akaufuata Romanche katika bonde zima la Oisans, akashinda hatua hiyo Grenoble. Garrigou alishinda mashindano yote mwaka huo.

Desgrange alitekwa na Galibier. Aliusifu katika gazeti lake kwa maneno ya mtu aliye kanisani, akiilinganisha milima mingine nao na kuiona si kitu. Mwaka 1949, miaka tisa baada ya kifo chake, nguzo ya kumbukumbu ilisimamishwa kwa ajili yake upande wa kusini wa handaki. Handaki lenyewe lilifungwa mwaka 1976 kwa sababu ya uchakavu, na barabara ikasogezwa juu hadi mita 2,642. Lilipofunguliwa tena mwaka 2002, waendesha baiskeli hawakurudishwa humo. Wao huendelea kupita juu, penye upepo.

Mlima uliosifiwa namna hiyo ulidai pia. Mwaka 1935 Mhispania Francisco Cepeda alianguka akiteremka kutoka Galibier kuelekea Grenoble, akapasuka fuvu. Alikufa siku tatu baadaye hospitalini, tarehe 14 Julai. Alikuwa wa kwanza kufa kwa ajali ya barabarani wakati wa mashindano ya Tour. Watu hukumbuka kupanda, kwa kuwa kupanda kunaonekana: mdomo umeachama, mabega yanayumba, jasho linadondoka kwenye usukani. Kuteremka hakuna picha. Ni mtu mmoja, breki mbili nyembamba na kona ambayo hajaiona bado.

Mwaka huohuo wa 1935 kazi nyingine ilikamilika bondeni, na kwa wenyeji ilikuwa na uzito kuliko mbio zozote. Kwenye korongo lililo juu ya Le Freney lilisimama bwawa la Chambon, ukuta wa zege uliokuwa mrefu kuliko wote Ulaya wakati ule. Ujenzi ulianza 1929. Nyuma ya ukuta huo vitongoji vitatu vilizama, Le Chambon, Le Dauphin na Parizet, pamoja na barabara iliyovipitia. Lengo lilikuwa kuyadhibiti maji ya Romanche ili viwanda vya chini, huko Livet na Rioupéroux, vipate nguvu mwaka mzima. Wafaransa wa sehemu hizi waliyaita maji ya mlimani makaa meupe. Bonde ambalo ziwa lake liliwahi kukimbia sasa lilipewa ziwa jingine kwa mkataba, na barabara mpya ikapitishwa ubavuni kwa mahandaki. Barabara hiyo tutairudia, kwa sababu mlima haukuwa umemaliza nayo.

Tuje sasa kwenye kona 21.

Kati ya Le Bourg-d'Oisans na Alpe d'Huez kuna kilomita 13.8. Wastani wa mwinuko ni asilimia 8.1, maana yake kila mita 100 za barabara zinakunyanyua zaidi ya mita 8. Lakini wastani ni mwongo. Ukitoka kwenye tambarare tu, bila kuonywa, barabara inasimama kwa zaidi ya asilimia 10, na miguu ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa inacheza inaanza kuungua. Kona zimepewa namba kwa kurudi nyuma. Ya kwanza kukutana nayo ni ya 21, ya mwisho ni ya 1, na kila moja ina kibao chenye jina la mshindi. Washindi walipozidi 21 majina yakaanza kuwekwa mawilimawili. Kwenye kona yenyewe barabara hulala kidogo, na wazoefu hupumua hapo, pumzi tatu au nne, kabla ya ukuta unaofuata.

Kilichoifikisha barabara hii kileleni ni michezo ya theluji. Katikati ya miaka ya 1930 Jean Pomagalski alijenga Alpe d'Huez mtambo wa kamba wa kuwavuta watu juu ya mteremko, na malisho yakageuka kitega uchumi. Hoteli zikajengwa. Wakati wa kipupwe zilijaa, lakini kiangazi zilikaa tupu. Wenye hoteli, akiwamo Georges Rajon, wakawaza: mbona Tour isije kumalizikia hapa? Wazo hilo lilikuwa geni. Hadi wakati huo mbio zilipanda milima na kuivuka, kisha zikamalizikia chini mjini penye watu. Mwaka 1952 waandaaji walikubali kujaribu kumaliza juu.

Tarehe 4 Julai 1952 mbio ziliondoka Lausanne, Uswisi. Jezi ya njano siku hiyo ilivaliwa na Andrea Carrea, Muitalia ambaye kazi yake katika timu ilikuwa kumtumikia Fausto Coppi: kumletea maji, kumkinga upepo, kumpa gurudumu lake akipata pancha. Wakati wa vita Carrea alikuwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Buchenwald, akanusurika. Siku iliyotangulia alikuwa ameingia katika kundi lililochomoka mbele, kwa nia ya kulinda maslahi ya timu tu, na walipofika Lausanne akaambiwa kwamba yeye ndiye kiongozi wa Tour nzima. Alilia. Hayakuwa machozi ya furaha. Alimwendea Coppi kumwomba radhi, maana aliona amevaa nguo ya bwana wake. Coppi hakukasirika.

Kesho yake, kwenye kona za Alpe d'Huez, Mfaransa Jean Robic alishambulia kwanza. Coppi akamfuata, akakaa nyuma ya gurudumu lake, akampima. Zikiwa zimebaki kilomita sita hivi akaondoka. Robic aligeuka kumtafuta upande mmoja, Coppi alikuwa ameshapita upande wa pili. Alishinda peke yake, akachukua jezi ya njano kutoka kwa Carrea, na wiki mbili baadaye akashinda Tour. Nikisoma habari za siku ile, moyo wangu huenda kwa Carrea zaidi. Alifika juu nyuma ya Coppi, jezi ikamtoka, na kwa masimulizi yote alikuwa mtu mwenye amani.

Ajabu ni kwamba baada ya ushindi huo mkubwa Tour haikurudi Alpe d'Huez kwa miaka 24. Iliporudi mwaka 1976 alishinda Mholanzi, Joop Zoetemelk. Hapo ndipo mlima ulipopata watu wake. Uholanzi ni nchi bapa, robo yake hivi iko chini ya usawa wa bahari, na labda kwa sababu hiyohiyo Waholanzi walikuwa na kiu ya mlima wa kuuita wao. Kati ya 1976 na 1989 walishinda hapo mara nane: Zoetemelk, Hennie Kuiper na Peter Winnen mara mbili kila mmoja, kisha Steven Rooks na Gert-Jan Theunisse. Padri wa kanisa la Notre-Dame des Neiges lililo kileleni alikuwa Mholanzi pia, Jaap Reuten, na kila mara ndugu zake waliposhinda alipiga kengele. Kona ya 7 ikawa ya Waholanzi kwa desturi. Hupiga mahema siku kadhaa kabla, wanapaka barabara rangi ya machungwa, na mwendesha baiskeli hupenya katikati yao kwa upana wa mabega yake.

Mwaka 1984 alishinda Luis Herrera, kijana kutoka Colombia ambaye bado hakuwa mchezaji wa kulipwa, na nchi nzima ng'ambo ya Atlantiki ikamsikiliza redioni. Mwaka 1986 Bernard Hinault na Greg LeMond, timu moja na mahasimu wakubwa, walivuka mstari wameshikana mikono. Hayo yote ni mazuri kuyasimulia. Lakini siwezi kuusimulia mlima huu kwa upande wa sherehe tu. Mwaka 1978 Mbelgiji Michel Pollentier alifika wa kwanza akavaa jezi ya njano, na kwenye kipimo cha mkojo akakutwa na kimpira kilichofichwa mwilini chenye mkojo usio wake. Alifukuzwa jioni ileile, ushindi akapewa Kuiper. Mwaka 1998 Marco Pantani alichomoka kwenye Galibier katika mvua baridi, akateremka Romanche, akapanda hadi Les Deux Alpes, upande wa pili wa bonde, akamwacha Jan Ullrich karibu dakika tisa. Watu walilia mbele ya televisheni. Mwaka 2004 Pantani alikufa peke yake hotelini, na mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilionyesha kuwa sampuli zao wote wawili za mwaka ule zilikuwa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku. Lance Armstrong alishinda hapa mara mbili, 2001 na 2004, na yote yakafutwa. Mvua ya siku ile ya 1998 ilikuwa ya kweli na baridi ilikuwa ya kweli. Nimeshindwa kuichukia siku hiyo, na nimeshindwa kuiamini.

Mwaka 2008 vijana wawili Wakenya waliletwa Oisans kupimwa. Hawakuwa na timu kubwa nyuma yao. Walipanda kona 21 dhidi ya saa, na mmoja wao, Zakayo Nderi, alitumia dakika 42 na sekunde 10, muda ambao wachezaji wengi wa kulipwa hawaupati. Milango ya Ulaya haikufunguka kwao kwa upana uliostahili.

Kiangazi hichohicho mtu mwingine aliyetoka Kenya alipanda kona hizo katika Tour yake ya kwanza. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Utotoni alikwenda Kikuyu, nje ya jiji, kwa David Kinjah, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Kenya, na huko alijifunza kutengeneza baiskeli na kuiendesha kwenye vilima vyekundu pamoja na vijana wa Kinjah. Baadaye alihamia Afrika Kusini, kisha akachukua leseni ya Uingereza. Mwaka 2013, akiwa na jezi ya njano, alirudi Alpe d'Huez siku ambayo mbio zilipanda mlima huo mara mbili. Kwenye kupanda kwa mara ya pili sukari ilimwishia mwilini. Mwenzake Richie Porte alirudi kwenye gari la timu akamletea chakula, ilhali sheria ilikuwa imeshakataza kupokea chakula umbali ule. Froome aliadhibiwa sekunde 20, akazipokea, akashinda Tour. Mwaka 2015 mlima ulimbana zaidi: Nairo Quintana wa Colombia alimpunguzia dakika moja na sekunde 20 kwenye kona hizohizo, na bado Froome alibaki na dakika moja na sekunde 12 mkononi. Mtoto wa njia za Kikuyu aliokoa Tour de France kwenye barabara ya Oisans, na Kinjah alikuwa Kenya akifundisha wengine.

Mwaka huo wa 2015 mbio zilikuwa zipite kwingine siku hiyo. Ratiba iliandikwa Galibier, kisha kuteremka Lautaret na kuufuata Romanche hadi Le Bourg-d'Oisans. Mwezi Aprili ubavu wa mlima juu ya ziwa la Chambon ulianza kusogea. Handaki la barabara kuu likapasuka likafungwa. Kwa Tour lilikuwa jambo la kubadilisha ramani: Galibier ukaondolewa, kikawekwa kipito cha Croix de Fer. Kwa watu wa La Grave na vijiji vya juu lilikuwa jambo la kazi, shule na hospitali, kwa kuwa njia yao ya kwenda Grenoble ilikatika, na kuzunguka milima kulikula saa nyingi. Barabara ya dharura ilichongwa upande wa pili wa ziwa, ikafunguliwa mwishoni mwa Novemba. Handaki jipya lilihitaji zaidi ya mwaka.

Leo bonde hili hupokea maelfu ya watu wasio mabingwa. Tangu 1982 kuna mbio za La Marmotte, zinazounganisha vipito vya Glandon, Télégraphe na Galibier pamoja na Alpe d'Huez kwa siku moja, kilomita 174 hivi na mita 5,000 za kupanda. Wanaopenda utulivu hushika njia ya Croix de Fer, kando ya bwawa la Grand'Maison, ambalo mitambo yake ya umeme ina uwezo wa megawati 1,800. Na kuna njia ninayoiona bora kuliko zote ingawa Tour haiwezi kuitumia kwa wembamba wake: ile inayofuata mto Vénéon, ikapita Saint-Christophe, ikaishia La Bérarde, kitongoji cha nyumba za mawe kwenye mita 1,700 hivi, penye milima mitupu. Saint-Christophe ndiko alikotoka Pierre Gaspard, mwongoza wapanda milima, ambaye mwaka 1877, pamoja na mwanawe na mgeni wao Boileau de Castelnau, alikuwa wa kwanza kufika kilele cha La Meije.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 2024 mvua kubwa ilinyesha juu ya theluji inayoyeyuka, na maji yaliyokuwa yamekusanyika juu ya barafu ya Bonne Pierre yakamwagika. Kijito cha Étançons kiliingia La Bérarde na mawe makubwa kama magari. Nyumba zilibomoka, nyingine zikafukiwa hadi madirishani. Watu zaidi ya 100 waliondolewa kwa helikopta.

Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Agosti, Tour ya wanawake ilifika Oisans. Demi Vollering, Mholanzi, alikuwa ameanguka siku chache kabla na kupoteza jezi ya njano. Alianza siku hiyo akiwa nyuma ya Kasia Niewiadoma wa Poland kwa dakika moja na sekunde 15. Alishambulia mapema kwenye Glandon, akateremka, akavuka tambarare ya ziwa la kale, akaingia kona 21 huku Niewiadoma akimfukuza. Kwenye kona ya 7 rangi ya machungwa ilikuwa imefunika barabara. Vollering alishinda hatua. Kisha akasubiri. Niewiadoma alivuka mstari, akaanguka chini kwa uchovu, na kwa muda hakujua kama ameshinda au ameshindwa. Hesabu zikafanywa, pamoja na sekunde za zawadi kwenye mstari. Alikuwa ameshinda Tour kwa sekunde 4, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya mbio hizo, za wanaume na za wanawake.

Jioni hiyo magari na baiskeli ziliteremka kutoka Alpe d'Huez kwa msururu hadi giza lilipoingia. Ng'ambo ya bonde La Bérarde ilikuwa bado imefungwa, na mto Vénéon ulipita penye mawe ambayo mwezi Mei hayakuwapo.